Mgeni wa Siku Tatu Kisiwani Chios

Watu wengi waendao katika visiwa vya Ugiriki hufuata bahari na jua, na vyote viwili huvipata bila ya taabu wala deni la shukrani, kwani bahari na jua si mali ya mtu. Msafiri mmoja, mwalimu wa Kiswahili na mzaliwa wa pwani ya Mrima, hakuwa na haja navyo; alikuwa ameviacha kwao kwa wingi. Yeye alikwenda Chios kwa sababu ya neno moja na utomvu wa mti mmoja.

Neno lilikuwa xenos. Alilikuta kitabuni alipokuwa angali mwanafunzi, likielezwa kuwa kwa Wayunani wa kale lilikuwa na maana ya mtu asiyejulikana, atokaye nchi nyingine, na papo hapo lilikuwa na maana ya mtu aliyepokewa nyumbani akalishwa na kulazwa. Mwandishi wa kitabu kile alistaajabu mno kuona neno moja limebeba mizigo miwili namna hiyo. Msafiri hakustaajabu hata kidogo, maana neno mgeni limeibeba mizigo hiyo hiyo katika Kiswahili tangu zamani: mgeni ni mtu tusiyemjua, na mgeni ni mtu tuliyemtandikia mkeka. Lililomshughulisha lilikuwa jambo jingine. Mtu hutoka lini katika maana ya kwanza akaingia katika maana ya pili? Tena, ni nani mwenye uwezo wa kumvusha, yeye mwenyewe au mwenye nyumba?

Utomvu ulikuwa mastiha. Hutoka katika mti mdogo wenye majani ya kijani kibichi mwaka mzima, jamaa ya mti uzaao pistachio. Mti huo huota sehemu nyingi zilizoizunguka Bahari ya Mediteranea, lakini utomvu ulioupa sifa duniani hukusanywa katika vijiji vya kusini mwa Chios. Watu wa zamani waliutafuna kusafisha kinywa na kutuliza tumbo. Waoka mikate waliutia katika unga, wapishi katika tamutamu, na mafundi wa picha katika vanishi. Mtu aliyekulia katika nyumba zinazofukizwa ubani na udi hawezi kusikia habari za utomvu kama huo asitamani kujua unanukia nini.

Alisafiri kwa meli usiku kucha kutoka Piraeus akashuka bandarini alfajiri. Ng'ambo ya maji aliona milima ya Uturuki, karibu mno kiasi cha kumfanya adhani ni sehemu ya kisiwa. Mlango wa bahari uliopo baina ya nchi mbili hizo hauzidi kilomita 10 pale ulipo mwembamba, na historia ya Chios karibu yote imepita hapo. Watu wa Genoa walikitawala kisiwa kutoka mwaka 1346 hata mwaka 1566 kwa ajili ya faida ya mastiha. Waturuki wakakitawala baada yao hata mwaka 1912. Mwaka 1922 Wagiriki waliofukuzwa na vita Asia Ndogo waliuvuka mlango ule, na mwaka 2015 wakauvuka maelfu ya watu wengine, Wasiria na Waafghani, katika mashua za mpira. Nao pia waliitwa kwa neno lile lile, xenos, ingawa si kila mmoja aliyelitamka alikusudia maana ile ile.

Kaskazini ya mji liko jabali lililochongwa ambalo wenyeji huliita Jiwe la Mwalimu, kwa kuwa husimuliwa kuwa Homer aliketi juu yake akifundisha wanafunzi wake. Wataalamu husema kuwa ni mahali pa ibada ya mungu wa kike Cybele. Msafiri aliketi hapo kidogo kwa heshima ya kazi yake mwenyewe, kisha akapanda basi kwenda kusini.

Alipangisha chumba katika kijiji cha Pyrgi, nyumbani kwa bibi mmoja mjane aliyekaa na mjukuu wake wa kiume. Kuta za Pyrgi zafaa kutazamwa polepole. Lipu yake hutengenezwa kwa mchanga mweusi, hupakwa chokaa juu, na kabla chokaa haijakauka vizuri fundi huikwangua kwa kufuata mistari, weusi ukatokeza chini ya weupe kwa maumbo ya pembe tatu, duara na nyota. Nyumba nzima huwa kama imevishwa nguo ya mapambo. Barazani juu zilitundikwa nyanya ndogondogo zilizotungwa katika nyuzi kama shanga, zikingoja kukauka. Vichochoro vilikuwa vyembamba kama vya Lamu, lakini sababu yake haikuwa kivuli peke yake. Vijiji hivi vilijengwa viwe ngome: nyumba za nje ziliunganishwa ukuta kwa ukuta, bila ya madirisha upande wa mashamba, ili maharamia wasiingie na, baadhi ya watu husema, ili mastiha isitoke.

Jioni ya siku ya kwanza Bibi alimletea gilasi ya maji baridi yenye kijiko ndani, na katika kijiko lilikuwamo bonge jeupe, zito kama asali iliyoganda. Mjukuu, aliyejua Kiingereza, akamweleza kuwa huliitwa nyambizi kwa sababu huzamishwa. Hulambwa kidogo kidogo, kisha hunywewa maji yake. Msafiri alilamba. Harufu ilikuwa kama ya msonobari, na nyuma yake palikuwa na kitu kingine kilichomkumbusha chetezo cha nyumbani kwao, lakini hakikuwa hicho. Bibi alimtazama mpaka akamaliza, asimwulize alikotoka wala alikokwenda. Siku ile msafiri alijiona ameshavuka. Alilala akiwa na furaha, akidhani kuwa swali lake limejibiwa kwa kijiko kimoja.

Siku ya pili alikwenda Nea Moni, nyumba ya watawa iliyojengwa milimani katika karne ya 11 kwa msaada wa Kaisari Konstantino wa Tisa. Picha zake za vijiwe vya dhahabu zimeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 1990, ijapokuwa tetemeko la mwaka 1881 liliangusha kuba na kuziharibu nyingi. Karibu na mlango kipo kikanisa kidogo, na ndani yake liko kabati lenye vioo. Kabatini mmejaa mafuvu ya vichwa na mifupa ya watu waliouawa mwaka 1822.

Habari yake ni hii. Wagiriki wa bara walikuwa wameanza vita vya uhuru mwaka 1821, lakini watu wa Chios, matajiri na wapenda biashara, walisitasita. Mwezi wa Machi 1822 wakaja wapiganaji kutoka kisiwa cha Samos wakawasha uasi kwa niaba yao. Majeshi ya Sultani yalipofika, adhabu iliwaangukia wenyeji. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa, na makumi ya maelfu wengine, wanawake na watoto wengi wao, wakauzwa utumwani. Vijiji vya mastiha vilihifadhiwa kwa muda, na sababu haikuwa huruma. Mastiha yao ilikuwa ikienda katika nyumba ya Sultani, na asiyetaka kukosa matunda haukati mti.

Msafiri alipoisoma tarehe ile alisimama. Mwaka huo huo wa 1822, Sayyid Said bin Sultan alitia sahihi mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza, uliomkataza kuwauzia Wakristo watumwa, lakini ukaliacha soko la Unguja liendelee. Halikufungwa mpaka mwaka 1873. Babu za majirani zake walipitia katika biashara ile, wengine wakiuzwa na wengine, hapana budi kusema kweli, wakiuza. Basi hakuyatazama mafuvu yale kama mtu anayetazama msiba wa watu wengine. Hayo ndiyo aliyoyafikiri. Aliyoyatenda yalikuwa mengine: alitoa simu yake mfukoni akainyanyua ili apige picha.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwasha mshumaa aligeuka akamtazama. Hakusema neno, wala uso wake haukuonyesha hasira. Msafiri akaishusha simu, akatoka nje kwenye kivuli cha miti, mashavu yakimwaka moto.

Hapo alimkumbuka Eugène Delacroix, mchoraji Mfaransa aliyeonyesha Paris mwaka 1824 picha kubwa ya mauaji ya Chios, ambayo sasa imo katika jumba la Louvre. Delacroix hakupata kuiona Ugiriki maishani mwake. Kwa sababu hiyo msafiri alikuwa ameidharau kidogo picha ile, kama mtu adharauvyo ushahidi wa asiyekuwapo. Sasa mizani iligeuka. Asiyefika alikaa na maiti wale miezi mingi akitafuta namna ya kuwafanya waonekane ni watu. Na yeye aliyefika alitaka kuwabeba kwa dakika moja, kama kumbukumbu ya matembezi.

Aliporudi Pyrgi jua lilikuwa linashuka, akaona ni vyema apite mashambani kwa miguu. Miti ya mastiha ilikuwa mifupi, imepinda na kutambaa kama wazee waliokaa chini, na chini ya kila mti ardhi ilikuwa imetandazwa udongo mweupe kama unga. Juu ya weupe ule matone yalimetameta. Aliinama akaokota moja, akalitia kinywani. Kwanza lilikuwa chungu na kuvunjika kama mchanga. Kisha likalainika, likawa kitu kimoja cheupe kisichokwisha kutafunwa. Akaokota jingine. Kwa jumla hayakuzidi matano.

Usiku, wakila, alisimulia jambo hilo kwa uchangamfu, akitaraji kuwa wenyeji watafurahi kuona mgeni ameipenda mali yao. Kijana alifasiri. Bibi akaweka uma wake chini akauliza swali.

"Bibi anauliza," kijana akasema, "mti huo ulikuwa wa nani?"

"Sijui. Haukuwa na ua wala alama."

Kijana akafasiri tena, na Bibi akajibu kwa maneno machache.

"Anasema, basi ni wa mtu."

Katika zama za Genoa sheria ya kisiwa iliadhibu wizi wa mastiha kwa kukata viungo vya mwili, na kadiri wizi ulivyozidi ndivyo adhabu ilivyozidi. Msafiri alikuwa ameyasoma hayo kabla ya kuja, na aliyasoma kama kioja. Hakujiuliza kwa nini matone yaliyotandazwa chini, bila ya mlinzi, yanakaa salama mpaka leo. Alitaka kuomba radhi, lakini Bibi alikuwa ameshainuka kuondoa sahani, na kwa kijana akaacha agizo moja tu: mgeni aamshwe saa kumi na moja.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri alikuwa akiifundisha methali hii kila mwaka, na kila mwaka aliieleza kuwa ni ya kuonya wageni wasiojua kuondoka. Wanafunzi hucheka, na somo huendelea. Kumbe inaweza kusomwa kwa namna ya pili. Yule aliyekaa juu ya mkeka kwa siku mbili bado ni mtu asiyejulikana, hata akipewa sukari na maji baridi. Hapana anayejua mikono yake ina thamani gani. Jembe huenda likawa ndilo kivuko. Methali haisemi kuwa mgeni afukuzwe siku ya tatu, inasema apewe.

Alipewa ufagio mfupi, chekecheke, na kichuma chenye ncha. Walikwenda kwenye miti ya Bibi kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa jua likipanda utomvu hulainika ukanata. Huko ndiko alikoelezwa kazi kwa utaratibu wake. Mwanzoni mwa kiangazi ardhi iliyo chini ya mti hupaliliwa, husawazishwa, hufagiwa kama sebule, kisha hunyunyiziwa udongo mweupe wenye chokaa ili matone yaangukayo yabaki safi na yakauke upesi. Mwezi wa Julai hapo ndipo mti hutiwa chale. Fundi hutoboa gome kwa chuma chembamba, vitundu vichache siku hii na vichache siku nyingine, maana mti ukichanjwa kwa pupa hudhoofika. Neno wanalolitumia Wagiriki kwa kazi hii ndilo neno la kudarizi nguo. Msafiri aliyatazama magome yale yenye makovu ya miaka mingi, akaona kuwa neno limepatikana: palikuwa na mkono katika makovu yale, na ulikuwa mkono wenye subira.

Matone huachwa yagande muda wa wiki mbili au tatu. Wenyeji huyaita machozi, na hadithi yao ni kwamba miti ilianza kulia siku alipoteswa Mtakatifu Isidori, askari aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 251. Bibi aliitaja hadithi hiyo upesi upesi, kama mtu anayemtajia mgeni jina la mtaa, akarudia kufagia.

Kazi ilikuwa ya magoti. Matawi yalikuwa karibu na ardhi, ikambidi mwalimu mtu mzima aingie chini yake kwa kutambaa, akibandua matone ya shinani kwa ncha ya chuma na kufagia yale ya chini pamoja na majani na udongo. Saa tatu mgongo ulikuwa haunyooki. Mti mmoja hutoa kwa wastani kiasi cha gramu 150 hivi kwa mwaka mzima, na hautoi kitu mpaka utimize miaka 5 au zaidi. Alipoinua chekecheke akayaona mavuno ya miti minne, hesabu ya matone matano ya jana ilibadilika kichwani mwake. Karibu na Pyrgi ipo nyumba ya makumbusho ya mastiha, iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo inaeleza hayo yote kwa picha na vyombo. Ni nzuri sana, wala haiumizi mgongo.

Upande wa pili wa shamba palikuwa na mashina meusi yaliyochipua upya. Moto wa Agosti 2012 uliteketeza sehemu kubwa ya miti ya mastiha, na ya mume wa Bibi ilikuwamo. Alikuwa ameipanda akiwa kijana. Bibi aliionyesha kwa kidevu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Alasiri waliketi mlangoni pa nyumba pamoja na majirani wawili wa kike, kila mmoja na sinia mapajani, wakichambua. Mastiha iliyochekechwa na kuoshwa bado huwa na chembe za udongo na vipande vya gome, na hapana dawa yake ila kisu kidogo na macho. Kila chozi hushikwa, hugeuzwa, hukwanguliwa. Kazi hii huendelea mpaka wakati wa baridi, na habari zote za kijiji hupita juu ya masinia hayo. UNESCO iliandika ujuzi wa kulima mastiha katika urithi wa binadamu mwaka 2014; wanawake wale walilijua hilo, na mmoja alisema jambo lililowachekesha wenzake, ambalo kijana alikataa kulifasiri.

Walizungumza juu ya bei. Kabla ya mwaka 1938 kila mkulima aliuza peke yake kwa mfanyabiashara aliyemfikia, na bei ilikuwa ya mfanyabiashara. Mwaka huo ndipo walipounda chama chao cha ushirika, na tangu hapo mastiha hupimwa, husafishwa na huuzwa kwa jina la kisiwa. Bibi hakukisifu chama kupita kiasi. Alikuwa na manung'uniko yake kama kila mwanachama wa kila ushirika duniani. Lakini alipokitaja alisema "sisi".

Kisha kwa mara ya kwanza tangu afike, Bibi alimwuliza habari za kwao. Alitaka kujua kama huko kuna miti inayolia.

Msafiri alifurahi, maana jambo hilo alilijua. Akaeleza habari za sandarusi: namna ilivyochimbwa mchangani katika pwani ya Mrima katika karne ya 19, mahali ambapo miti yake ilikuwa imekufa zamani na utomvu umegeuka kama jiwe, namna ilivyopelekwa Unguja, ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Salem huko Marekani, nao wakaisafisha huko kwao na kuwauzia watengenezaji vanishi. Aliisimulia vizuri, kwa tarehe na majina ya bandari, kama alivyoizoea darasani. Wanawake waliacha visu wakamsikiliza.

"Walioichimba walilipwa na nani?" Bibi akauliza.

Akajibu kuwa bei ilipangwa na wanunuzi.

"Na miti yake imekwisha yote?"

Akajibu kuwa haikwisha. Msandarusi ungaliko pwani hata sasa.

"Ni mrefu kama huu wetu, au zaidi? Jani lake lina sura gani? Na chozi lake bichi, kabla halijaingia mchangani, linanukia nini?"

Kijana alifasiri maswali matatu kwa pamoja, akangoja. Msafiri alitazama kisu kilichokuwa mkononi mwake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, alizaliwa mwendo wa saa chache kutoka machimbo yale, na alikuwa amesoma juu yake kila alichoweza kukipata. Mti wenyewe hakupata kusimama chini yake hata siku moja. Lau angalipita chini yake asingaliutambua.

"Mwambie Bibi sijui," akasema. "Mwambie nitakwenda kuutazama, kisha nitamwandikia barua."

Kijana alifasiri. Bibi aliitikia kwa kichwa, asionyeshe kuwa ameamini wala kuwa hakuamini. Akamwita mwanangu, akaliondoa lile sinia alilokuwa amelimaliza kwa shida, akalikagua, akayarudisha matone mawili ambayo hayakusafishwa sawasawa, na kumsogezea jingine lililojaa.